Kilo 200 chini ya mashua

Mashua tunayounda mimi na kaka yangu mkubwa ina urefu wa karibu mita 6. Ni ya plai na mbao ngumu, itakuwa na mlingoti mmoja na matanga mawili, na sasa ina mkuku, yaani uti wa chini kabisa, wa plombu (madini ya risasi), wenye uzito unaokaribia kilo 200. Kila anayepita kwetu Nguba, hapa Bukavu, huuliza kwa nini tunafunga mzigo mzito namna hiyo kwenye kitu tunachotaka kielee. Mimi ni mwalimu wa fizikia, na swali hilo nalipenda kuliko mengine yote, kwa hiyo nianze nalo.

Wavuvi wetu wa Ziwa Kivu hutuliza vyombo vyao kwa upana. Wale wa sambaza, samaki wadogo wa ziwa hili, hufunga mitumbwi mitatu sambamba kwa miti mirefu, wavu chini na taa juu ya maji, na chombo cha namna hiyo ni vigumu kukipindua. Boti za kubeba watu na mizigo hazina upana huo. Magunia hupangwa hadi kupita ukingo, watu hukaa juu ya magunia, na kila kilo inayopanda juu huinua kitovu cha uzito cha chombo kizima. Oktoba 2024 boti iliyotoka Minova ilipinduka ikiwa karibu kabisa kufika Kituku, pale Goma, watu wakiitazama kutoka nchi kavu. Tangu siku ile siwezi kuchora chombo chochote kabla sijajiuliza uzito wake utakaa wapi.

Mashua ya tanga ina shida zaidi, kwa sababu upepo huisukuma kwenye matanga, mita kadhaa juu ya maji. Lazima chini kuwe na kitu kinachovuta kinyume. Mabaharia wa pwani hutia farumi ya mawe au mchanga tumboni mwa jahazi, na wamesafiri nayo karne na karne. Lakini farumi isiyofungwa inaweza kuhamia upande mmoja chombo kikilala, na ikihama basi. Plombu iliyokazwa kwa boloti chini kabisa, nje ya tumbo, haiendi popote. Tena kadiri mashua inavyozidi kulala, ndivyo uzito ule unavyozidi kuivuta isimame.

Kaka alitaka saruji, maana saruji inapatikana kila kona na yeye ni seremala aliyezoea kuunda mbao za kumwagia zege. Nilimwekea hesabu mezani. Lita moja ya zege ni kama kilo 2.4, ya chuma ni 7.8, ya plombu ni 11.3. Bidoni ya njano ya lita 20, ile watoto wanayopandisha nayo maji milimani kila asubuhi, ukiijaza plombu inafika kilo 227. Kwa zege mkuku wetu ungehitaji lita zaidi ya 80, gogo zima la kuburuta majini. Kwa plombu ni lita 18 hivi: urefu wa mita 2 kasoro, kimo cha sentimita 18, na pale unapozidi unene ni sentimita 7. Chuma kingekuwa nafuu, lakini kinataka kukwanguliwa kutu na kupakwa rangi maisha yake yote.

Akakubali. Tukaanza kubishana upya juu ya plombu itatoka wapi, na ubishi huu ulikuwa mkali kweli.

Kila mtu alituambia betri. Bukavu imejaa betri zilizokufa, za magari, za pikipiki, na sasa za sola kwa wingi zaidi, kwa sababu umeme ukikatika kila nyumba inajitafutia. Unazinunua kwa bei ndogo, unazipasua kwa shoka, unamwaga asidi, unachoma. Nimewaona vijana wakifanya hivyo nyuma ya nyumba ambamo watu wanapika. Nilikataa, na bado nakataa, na ningependa anayesoma hapa akiwa na wazo kama letu naye akatae.

Sehemu kubwa ya plombu iliyomo ndani ya betri si plombu tupu ya kuyeyusha. Ni uji mkavu wa oksidi na salfeti uliopakwa kwenye nyavu za sahani, na moto wa makala (makaa) ya uani hautoshi kuugeuza kuwa plombu safi. Unachopata ni plombu kidogo na unga mwingi. Unga huo hukaa kwenye udongo, kwenye nguo, kwenye vidole vya mtoto anayecheza uani, na anaponyonya vidole unaingia mwilini. Huko Thiaroye-sur-Mer, pembeni ya Dakar, kati ya mwisho wa 2007 na mwanzo wa 2008 watoto 18 walikufa mahali ambapo watu walikuwa wakipasua betri na kuchekecha udongo wake. Owino Uhuru, Mombasa, wakazi walioishi ukutani mwa kiwanda cha kuyeyusha betri walikwenda mahakamani, na mwaka 2020 mahakama ikaamuru walipwe fidia. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha plombu kwenye damu kinachojulikana kuwa salama, na kwamba kati ya plombu ambayo mtoto amemeza, mwili wake hufyonza mara nne hadi tano kuliko mwili wa mtu mzima. Inagusa ubongo, na kilichoharibika hapo hakirudi.

"Yaya," nilimwambia kaka, "ule unga nani ataufagia? Na ataupeleka wapi?"

Alinyamaza. Ana mabinti wawili wadogo. Kesho yake alikwenda mwenyewe kwa mafundi wa magurudumu kuulizia zile plombu ndogo za kusawazisha rimu.

Ndizo zilizotupa nusu ya mkuku. Kila fundi ana kopo lake kwenye kona, zimejaa vumbi, na wengi walituuzia kwa furaha. Chunguza lakini, kwa sababu plombu za magurudumu za siku hizi nyingi ni za zinki au chuma. Nchi za Ulaya zilikwisha kupiga marufuku zile za plombu kwenye magari madogo. Nyingine zimeandikwa Zn (zinki) au Fe (chuma), na zisizoandikwa unazibana kwa koleo: plombu inapokea alama ya meno, zinki inakataa. Nusu ya pili ilitoka kwa wauza vyuma chakavu: mabomba ya maji ya nyumba za wakoloni zilizobomolewa, maganda ya nyaya za simu za zamani, na mafungu ya vizito vya nyavu. Mabomba na maganda ni plombu laini, unaikwaruza kwa ukucha. Zile za magurudumu zina antimoni kidogo inayozifanya ngumu. Nilifurahia mchanganyiko huo, kwa kuwa fukwe zetu ni za mawe, na mkuku laini ukigonga mwamba unakunjika pua.

Hatukuyeyusha vyote pamoja siku ya mwisho. Kwanza tulisafisha kidogo kidogo kwenye chungu cha chuma na kumimina kwenye makopo matupu ya sardini, yaliyokaushwa juu ya moto. Kila kopo linatoa tofali la kama kilo 1.3. Faida yake ni kwamba takataka zote, vibanio vya chuma, rangi, udongo, zinaondoka hapo, na siku ya kumimina mkuku unaingiza plombu safi, kavu, ambayo umekwisha kuipima. Zinki iliyopenya macho yetu ilijitokeza yenyewe: plombu huyeyuka kwenye nyuzi 327, zinki kwenye 420, kwa hiyo ukishika joto chini ya 400 zinki inabaki mzima juu, unaichota kwa kijiko.

Kuhusu joto nieleze zaidi, kwa kuwa watu wengi hudhani moto mkubwa ndio ufundi. Kuyeyusha kilo 200 za plombu kunahitaji karibu megajuli 13, joto la kuchemshia bidoni mbili za maji. Moto wetu ulikula vipande vya mbao vilivyobaki karakanani, na sikununua gunia la makala kutoka kwa wanaokata msitu wa Kahuzi. Na kadiri plombu inavyozidi kupata moto, ndivyo inavyozidi kutoa mvuke, hasa ukipita nyuzi 500. Tuliishika kati ya 360 na 380, tukipima kwa multimeta yenye waya wa joto tuliyoazima kwa fundi wa sola. Barakoa ya kitambaa haizuii mvuke wala vumbi la plombu. Tulitafuta za mpira zenye vichujio vya duara, na mtu asiyekuwa nayo hakusogea.

Kalibu alitengeneza kaka, na ni kazi nzuri kuliko samani yoyote niliyowahi kumwona akifanya. Mbao za sentimita 5, zimechongwa ndani kwa umbo la mkuku uliopinduliwa, uso wa juu wazi, zikapakwa plasta nyembamba, kisha sanduku zima likazikwa hadi shingoni kwenye mchanga mkavu. Mbao inaungua kidogo inapoguswa na plombu, lakini kwa kumimina mara moja inavumilia. Ili kujua ujazo, fundi mmoja alitushauri tulijaze maji. Hapana! Maji hayakuingia kwenye kalibu ile hata tone. Tulijaza mchanga mkavu kwa chupa ya lita moja, tukahesabu chupa, tukamwaga mchanga, tukapuliza. Ilitoka karibu lita 18, kama mchoro ulivyosema.

Hofu yangu ya maji ina sababu. Tone likinaswa chini ya plombu ya nyuzi 350 hugeuka mvuke papo hapo na kutanuka zaidi ya mara elfu, na kwa kuwa limefunikwa halina njia isipokuwa kurusha plombu hewani, usoni kwa aliyesimama. Plasta inayoonekana kavu kwa nje bado ina maji tumboni. Ndiyo maana tulisubiri kiangazi, Julai, wakati Bukavu vumbi linatanda na hata kuta zinakauka. Kalibu ilikaa juani, chini ya bati usiku, na usiku wa mwisho tuliweka karai za makala yanayowaka ndani yake hadi mbao ikanukia. Nilipitisha kioo cha mkononi juu yake kutazama kama kitapata ukungu. Hakikupata.

Halafu kuna jambo ambalo wanafunzi wangu hawaliamini mpaka nilichore ubaoni: boloti za inox zinaelea. Chuma cha pua ni kama kilo 8 kwa lita, plombu ni 11.3, kwa hiyo ukisimamisha boloti ndani ya kalibu na kumimina, zinapanda juu na kulala. Kalibu yenyewe ya mbao inataka kung'oka mchangani. Tulifunga boloti saba zenye miguu iliyokunjwa kwenye boriti moja iliyokatiza juu, na boriti tukaikandamiza kwa vipande vya reli. Pia hatukutoboa kwanza matundu ya boloti kwenye mashua. Plombu inasinyaa inapoganda, boloti zinasogeleana kidogo, na ni bora kuuchukua mkuku wenyewe kama kipimo cha matundu kuliko kubishana nao baadaye.

Kwa siku ya kumimina nilimwomba mzee mmoja wa Kadutu anayetengeneza sufuria za aluminiamu kwa kalibu za mchanga. Amefanya kazi hiyo tangu ujana wake, na mikono yake inajua mambo ambayo vitabu vyangu vinayataja tu. Aliukagua mtungi wetu, rimu ya lori iliyochomelewa kitako cha bati nene, na bomba la inchi moja likitoka chini na kuishia juu ya kalibu. Akataka matofali ya kuchoma chini ya mtungi, akakataa mawe, kwa sababu jiwe la ziwani likipata moto hupasuka. Akataka suruali zishuke nje ya buti, zisiingizwe ndani. Akamrudisha kijana aliyevaa shati la nailoni.

"Aluminiamu inakuonya, mwalimu," aliniambia. "Ikiiva inaanza kuwa nyekundu, unaiogopa. Hii plombu inanyamaza. Unaiona kama maji ya baridi, kumbe iko tayari kukuchoma mpaka mfupa."

Watoto wote wa upande wetu walikuwa Bagira kwa bibi yao. Shemeji yangu ana mimba. Naye alikwenda, kwa kuwa plombu ya mama humfikia mtoto tumboni. Hakuna aliyeruhusiwa chai, kipande cha embe, wala sigara ndani ya uzio. Chupa za maji ya kunywa zilikaa getini.

Matofali ya sardini, zaidi ya 150, yalizama moja moja mtungini. Juu kulitanda utando wa kijivu. Mzee akatupia kipande cha mshumaa, kikawaka kwa moto wa njano, akakoroga kwa chuma, na sehemu ya ule utando ikarudi kuwa plombu ing'aayo. Uliobaki akauchota taratibu, nami nikaupokea kwenye debe lenye kifuniko, kwa maana ule unga ndio sumu yenyewe, mbaya kuliko kipande kizima. Wakati huo kaka alikuwa akipasha bomba kwa gesi. Bomba likipoa, plombu inaganda shingoni na kazi yote inasimama.

Mzee akasema, "Sasa." Kaka akagonga kizibo.

Ilitoka nene, nyeupe kama fedha, ikatua kwenye kipande cha tofali tulichokiweka isichimbe plasta, ikaenea pande zote mbili bila kelele. Moshi mwembamba wa mbao ukapanda kandokando. Haikufika dakika mbili kalibu ikajaa. Tulitaka iingie kwa mkupuo mmoja, kwa kuwa plombu ya pili ikimwagwa juu ya iliyokwisha kuganda hazishikani vizuri. Uso ulipoanza kufifia na kubonyea katikati, mzee alikuwa na chungu kidogo pembeni, akaongeza kijiko kwa kijiko huku kaka akishika mwali wa gesi juu yake ili mpya na ya zamani ziungane. Hilo lilichukua muda mrefu kuliko kumimina kwenyewe. Nilisimama pale nikiwa na machozi chini ya barakoa, sioni haya kuyasema.

Tuliiacha ipoe yenyewe hadi siku iliyofuata. Nasi papo hapo tukanawa mikono na uso kwa sabuni, tukavua nguo zile kwenye mfuko wake, ndipo tukala ugali na sambaza zilizokuwa zikitungoja.

Kuitoa kalibuni kulihitaji palani ya gereji, ile ya kuinulia mizigo, na vijana wenye subira. Kaka alishangaa kwamba plombu inapigwa randa kama mbao. Ukipaka mafuta kidogo kwenye chuma cha randa, inatoa nyuzi ndefu zilizojikunja, ambazo tuliziokota zote. Hatukusugua kwa msasa mkavu hata mara moja. Ziwa hili watu wanachota maji yake kupikia, kwa hiyo mkuku ulipata epoksi, gundi inayokauka ngumu, tabaka juu ya tabaka, la kwanza likisuguliwa kwa brashi ya waya likiwa bado bichi, ili plombu isipate nafasi ya kushika oksidi kabla ya epoksi kuikamata. Kwenye mizani ya depo ya maharage ilisoma kilo 197.

Kuna hesabu nyingine iliyoninyima usingizi kidogo. Plombu ya kilo 197 ikiwa majini inapunguziwa kilo 17 tu. Mashua ikijaa maji, kilo 180 zinaivuta kwenda chini, kwenye ziwa ambalo kina chake kinafika karibu mita 480. Mkuku unaokusimamisha unaweza pia kukuzamisha. Kwa hiyo chini ya mabenchi, mbele na nyuma, tumefunga bidoni za lita 20 zilizozibwa vizuri, kumi na mbili, kwa kamba na mikanda ya plai. Ni lita 240 za hewa, ziada ya kuelea kwa mbao zenyewe. Nitaijaza maji kwa makusudi, karibu na ufuko, kabla ya mtu yeyote kupanda.

Mlingoti bado. Tunahitaji mti mwepesi, mnyoofu, wa mita 7, wenye vifundo vichache. Mikaratusi tuliyoiona ni mizito mno kwa juu, na tukiiweka tutakuwa tunakula faida ya plombu yote ile. Nasikia kuna sipresi nzuri upande wa Kabare na Walungu. Mwenye kujua shamba la mti wa namna hiyo, ambao haujakatwa bado, aniandikie, nitakuja na kaka na tepu ya kupimia.